Jozi Sita za Glavu

Miezi miwili iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kanisa, upande wa magharibi wa Mlima Meru, nikiwaeleza wafugaji kwa nini mbuzi na kondoo wachanjwe kabla mvua hazijaanza, si baada ya mimba kuanza kutoka. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sauti yangu ni kubwa. Wenzangu ofisini husema kuninunulia kipaza sauti ni kupoteza bajeti. Nilipomaliza, watu wakitawanyika, mwanamke mmoja wa mstari wa mwisho hakuinuka. Aligeuza uso pembeni kidogo, kama anayetazama ukuta, akasema taratibu, “Hiyo sauti ni ya Anaeli. Imenenepa tu.” Nilisogea mpaka mbele yake. Alikuwa Nasieku. Aligeuza uso vile kwa sababu macho yake hayaoni katikati. Ili akuone, ni lazima akutazame kwa pembeni. Nilijua hivyo kwa kuwa nilikuwapo yalipoharibika. Tena nilijua jambo ambalo yeye hakulijua: kwamba habari za ugonjwa ule nilikuwa nimezisikia kabla haujamfikia, na nikanyamaza. Akanikaribisha kwake kwa chai Jumamosi iliyofuata. Nikarudi Moshono, kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu ninayoishi peke yangu, nikiwa na siku sita za kuamua kama nitamwambia.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa mvua za El Nino, ambazo watu wa rika langu bado wanazitumia kukumbuka nani alizaliwa lini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha mifugo juzi tu, nimepangiwa kata moja ya Waarusha kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Mimi ni Mmeru wa upande wa Momela. Ukitazama ramani utasema nilihamia kwa jirani, mlima si ni uleule. Lakini upande ule wa pili mvua ni chache, migomba ya kukingia jua hakuna, vumbi lake ni jepesi na linaingia mpaka kwenye chumvi, na watu wakikaa nyumbani huongea Kimaa, ambacho sikujua hata neno moja. Nilipanga kwenye boma la mjane mmoja ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani bibi. Alinipa chumba cha bati chenye sakafu ya saruji, kilichojengwa na mwanawe wa pekee kabla hajaenda Mererani kuchimba madini. Kilikuwa na kitanda, chandarua, meza iliyokuwa ikiyumba, jiko la mafuta ya taa na dirisha dogo lililotazama zizi. Mwana huyo ndiye aliyekuwa mume wa Nasieku. Alikuwa amemwachia mama mkwe, kondoo na mbuzi kama sitini, ng'ombe wachache, na ahadi ya kurudi Pasaka. Pasaka ipi, hakusema.

Jioni tulikula kwa Koko, kwenye nyumba yake ya udongo, moto katikati na moshi ukitafuta pa kutokea. Chakula kilikuwa loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto, na ladha ile ya moshi sijaipata tena mahali popote. Wageni walikuja, majirani, mashemeji, wakaongea na kucheka, na mimi nilicheka nyuma yao kwa sekunde mbili ili nisionekane mjinga. Nikimuuliza Nasieku wamesema nini, alinitafsiria sentensi moja kati ya kumi. “Wamesema unatembea kama mtu aliyechelewa ibada,” aliwahi kuniambia. Alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa rafiki yangu wa pekee kata nzima, sijui kama nilikuwa wake. Alikuwa na mikono midogo sana, na kwa sababu hiyo kondoo wa jirani akishindwa kuzaa walimwita yeye. Aliingiza mkono, akamgeuza mwanakondoo, akamtoa, wakati mimi mwenye cheti nimeshika kichwa cha mama yake. Akimaliza aliketi mlangoni pangu kutunga shanga. Sindano ilikuwa ikipita kwenye vitundu vile huku yeye akinitazama mimi na kunisema kwa kupika ugali laini.

Mvua zilianza Oktoba na hazikujua kuacha. Uwandani chini ya boma kuna mabonde madogo ambayo maji yakiingia hayana pa kutokea. Miaka yote, waliniambia, yalikuwa makavu na ng'ombe walilala humo. Yalijaa. Maji yakakaa wiki, yakakaa mwezi, kisha wakatoka mbu. Ikifika jioni mifugo zizini walipiga miguu chini bila kupumzika, na ukipitisha kiganja kwenye shingo ya ng'ombe kinarudi na damu. Leo nikifundisha huwaambia watu kwamba mbu wale hawakuletwa na mvua kutoka mbali, walikuwa chini ya miguu yetu. Mbu jike hutaga kwenye udongo wa mabonde yale, na mayai huweza kukaa humo makavu miaka kadhaa, mengine yakiwa tayari na kirusi alichoyarithisha mama, yakingoja maji. Mbu akitoka humng'ata mnyama aliye karibu. Kutoka kwa mnyama ugonjwa humfikia mtu kwa mbu tena, au kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa, na hii ya pili ndiyo huwapata wengi: anayechinja, anayezalisha, anayebeba mimba iliyotoka kwenda kuitupa. Ninayasema haya vizuri kabisa, nimeyasema vijiji ambavyo siwezi kuvihesabu. Mwaka ule sikuyajua yote, lakini niliyajua ya kutosha.

Niliyajua hivi. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka taarifa ofisini mjini. Mwezi mmoja kati ya ile ya mvua nilifika nimelowa mpaka magotini, nikaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mkubwa wetu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na ndani walikuwa wawili.

“Ng'ambo ya mpaka wanatupa mimba kundi zima,” mmoja alisema. “Na watu wanaumwa. Wengine wanatoka damu puani.”

“Ni homa ya Bonde la Ufa. Itakuwa nini kingine?”

“Usilitamke hilo neno mpaka majibu ya sampuli yatoke Dar. Ukilitamka leo, kesho minada imefungwa, keshokutwa tunaulizwa wewe na mimi.”

Mkubwa alipofungua mlango alinikuta palepale, akaelewa. Hakunikaripia, mpaka leo natamani angenikaripia, ningepata hasira ya kunisaidia. Alifungua kabati akatoa pakiti ya glavu ndefu, zile zinazofika begani, jozi sita. “Anaeli, wewe bado uko kwenye majaribio,” alisema kwa upole, kama baba. “Ulichosikia kiache hapa. Mnyama akitupa mimba, vaa hizi. Maziwa chemsha. Nyama isiyoiva usile. Majibu yakija tutatangaza wenyewe.” Nikajibu, “Sawa, mzee.” Nikatoka pale nikijua namna ya kujikinga mimi, na nikiwa nimekatazwa kumkinga mtu mwingine yeyote. Njiani niliziweka glavu ndani ya koti zisilowe.

Kondoo wa kwanza alitupa mimba siku nne baadaye. Kesho yake walitupa watatu, kesho yake tukaacha kuhesabu. Wanakondoo waliokuwa wamezaliwa mwezi huo walilala asubuhi na mchana wakawa wamekufa. Koko alizunguka zizi amejifunga shuka, midomo ikicheza, sijui alikuwa akisali au akiwalaumu. Kulikuwa na kondoo mmoja mweupe aliyeshindwa kuitoa mimba iliyofia tumboni, na Nasieku akapiga magoti kwenye tope nyuma yake. Mimi nilishika kichwa, mikono yangu imefunikwa mpaka begani.

“Dokta, leo umevaa mifuko,” alisema.

“Utaratibu mpya wa ofisi.”

“Haya. Na mimi utaratibu wangu ni huu,” akasema, akauonyesha mkono mtupu, akacheka, akauingiza.

Nilimtazama. Damu ilifika juu ya kiwiko, na kwenye kidole gumba alikuwa na jeraha alilojikata na panga siku mbili nyuma; mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeshatoka. Jozi tano za glavu zilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, upande wa kushoto. Nilijiambia ni kubwa kwake, hataweza kushika kitu. Huo ulikuwa uongo niliojitungia papo hapo. Ukweli ni kwamba nikimpa angeuliza kwa nini, nikimweleza angemwambia Koko, Koko angewaambia wazee, na Jumapili kata nzima ingejua kutoka kwangu. Niliogopa kazi. Nimetafuta miaka mingi namna nzuri ya kulisema hilo, haipo.

Wale kondoo wakubwa waliolegea waliwahiwa kisu kabla hawajafa, kama inavyofanywa huko. Mnyama kumwacha afe mwenyewe ni kumtupa. Koko aliniletea fungu langu, kipande kizuri, kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikamwambia, “Shikamoo Koko, asante, ila nina vidonda vya tumbo.” Loshoro nayo nikaikataa kwa vidonda vilevile. Jioni tatu alimtuma Nasieku kuniita, jioni tatu nikajibu tumbo. Ya nne hakutuma mtu. Basi nikawa napika kwenye lile jiko la mafuta ya taa, ugali na maharage, maharage na ugali, nimeketi kitandani sahani ikiwa magotini, na vicheko vyao vikinifikia kupitia ukuta wa bati kwa lugha nisiyoijua. Sikuwahi kuwa mpweke vile. Nimeishi peke yangu miaka mingi tangu hapo, nimezoea, hainiumi. Lakini kusikia watu wanakula hatua kumi kutoka kwako, wakiwa wamekuacha kwa sababu umewaacha, hiyo inauma mwilini kabisa. Baadaye nilijifunza kwamba maziwa yaliyoganda sawasawa, ukali wake hukidhoofisha kirusi kile. Ni maziwa mabichi na damu ndivyo vya kuogopa zaidi. Kumbe katika vyote nilivyovikataa, loshoro ya Koko ndiyo ningeweza kuila kwa hofu ndogo kuliko vyote.

Nasieku aliugua siku ya tano baada ya yule kondoo mweupe. Homa, mgongo, kichwa, na mwanga ulimchoma macho hata akajifunika shuka usoni. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati, tukitembea kwenye tope, amejiegemeza kwangu. Mganga alisema ni malaria, wakati ule kila homa ilikuwa malaria, akampa vidonge. Hakuniuliza habari za mifugo. Nilikuwa nimesimama pale na neno limenijaa mdomoni, ningeweza kulisema bila kuulizwa, nikashika mkono wa mgonjwa nikatoka naye. Alilala siku sita, akainuka, akaenda kuchunga. Nikamshukuru Mungu kwa moyo wote. Nikadhani nimesamehewa bila kuombwa maelezo.

Wiki ya tatu alikuja mlangoni pangu na shanga zake. Alijaribu kupitisha sindano mara kadhaa, ikakosa tundu.

“Anaeli, hebu tazama. Huu ushanga una tundu?”

“Unalo.”

“Nikiutazama unapotea. Nikiangalia kando, unarudi.” Alijaribu tena, akaupeleka mkono mbali, akausogeza. “Na wewe uso wako umepotea. Masikio ninayaona.”

Koko alisema ni moshi wa kuni. Mimi nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini, naye akamchungulia na taa yake, akasema nyuma ya macho yote mawili kuna makovu, na hayatoki. Nilimuuliza kama tungewahi kuja angepona. Akasema hata tungekuja siku ya kwanza asingekuwa na dawa ya kumpa. La maana lingekuwa asiupate ugonjwa wenyewe. Alilisema kama jambo la kawaida, akamwita mgonjwa mwingine. Nasieku alitoka ameshika mkono wangu, akaniuliza kama mvua itanyesha tena jioni.

Majibu ya Dar yalifika, mkubwa akaja na gari, mkutano ukaitishwa. Alisema yote: msichinje mnyama mgonjwa, msiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, chemsheni maziwa, ivisheni nyama, laleni kwenye chandarua, nunueni glavu. Nilisimama pembeni yake nikishika kalamu. Nasieku alikaa na wanawake, uso ameugeuza, akinitazama kwa ile namna yake mpya. Tangu siku hiyo hakuja tena kukaa mlangoni pangu. Nikajua amejua. Sikumuuliza, naye hakusema, tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Mwisho wa mwaka nilithibitishwa kazini kwa barua yenye muhuri, ikinisifu kwa utulivu, nikahamishiwa wilaya nyingine. Siku ya kuondoka Koko alinitemea mate kiganjani, baraka yao, ingawa nilikuwa nimekataa chakula chake miezi mingi. Nasieku alikuwa ameenda na mbuzi.

Jumamosi hiyo ya majuzi nilimkuta kwenye nyumba ya matofali, safi, sufuria zimepangwa ukutani kwa ukubwa ili mkono wake uzijue. Koko alishafariki zamani. Mume alirudi hatimaye, Pasaka moja kati ya nyingi, na siku hiyo alikuwa mnadani. Nasieku alimimina chai akiwa ameweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, haikumwagika hata tone. Tuliongea habari za magoti, za bei ya mahindi, za watoto wake. Nikaona nikinywa kikombe cha pili sitasema tena.

“Nasieku, nina neno.”

“Sema.”

Nikamwambia. Benchi, ukuta wa mbao, pakiti, Sawa mzee, yote mpaka zahanati. Nilizungumza nikitazama meza. Alipoanza kuuliza, aliuliza jambo nisilolitegemea.

“Zilikuwa jozi ngapi?”

“Sita. Moja nilikuwa nimevaa.”

“Kwa hiyo tano zilikuwepo pale.”

“Zilikuwepo.”

Alisukuma kikombe chake kando. Nje mbuzi walikuwa wakikwaruza ukuta. “Unajua miaka yote hii nilifikiri nini?” alisema. “Nilifikiri ulikuwa unatuonea kinyaa. Umetoka chuoni, umeliona tope letu na kibuyu chetu, ukavaa mifuko mikononi, ukakataa chakula cha Koko ukakaa kula peke yako. Hata mkutano ule niliona umesimama na wakubwa wako, nikasema huyu anatuona wachafu. Hilo liliniuma kuliko macho. Macho ni ugonjwa. Koko aliniambia nikusamehe, akasema ni malezi tu. Ilinichukua miaka, lakini nilikusamehe, Anaeli, nikamaliza kabisa. Ndiyo maana kule kanisani nilikuita.”

“Haikuwa kinyaa,” nilisema, na machozi yalikuwa yameshanitoka. “Nilikupenda. Hakuna mtu niliyempenda kata ile kama wewe.”

“Ndiyo hilo sasa. Mwenye kinyaa ningemwelewa. Wewe ulinipenda, ulijua, na ukautazama mkono wangu ukiingia.” Hakupaza sauti. Aligeuza uso pembeni, akanitafuta, akanipata, akaniangalia muda mrefu. “Lile nililokusamehe, kumbe hukulifanya. Na hili ndiyo kwanza nalisikia leo. Silijui. Sijui hata nianzie wapi.”

Nilimuuliza nifanye nini. Akasema niende nyumbani. Akaniambia nimtajie namba yangu ya simu, akairudia mara mbili kwa mdomo, kwa kuwa hawezi kuandika akaona, na huweka namba zote kichwani. “Nikiwa tayari nitapiga,” alisema. “Wewe usipige.”

Leo ni Jumamosi ya saba. Hajapiga.